Gudulia la Mti: Mwongozo wa Kukereza Chombo chenye Tumbo

Kwenye karakana za maseremala wa Tanga, kazi ya kukereza inayoonekana zaidi ni matendegu. Yamesimamishwa ukutani manne manne, yana vifundo na mabonde, yanangoja kitanda. Ufundi wenyewe ni wa zamani pwani hii. Vitanda vya besera vilihitaji mkono unaoweza kuzungusha mti na kuuchonga kwa wakati mmoja, na Kiswahili kina neno la kitendo hicho, kukereza, na la mashine yake, kerezo.

Gudulia la mti ni jambo jingine. Hapa linazungumziwa pambo la sebuleni, lenye tumbo la mviringo, shingo fupi na mdomo mdogo kuliko tumbo, lililochimbwa ndani hadi ukuta ukabaki mwembamba. Tendegu hukerezwa macho yakiona kila kitu. Gudulia, likishachimbwa sentimita chache, hukerezwa gizani: ncha ya chuma iko ndani, jicho liko nje, na fundi anafuata sauti na mtikisiko unaofika kiganjani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako uliyekwisha kukereza matendegu au miguu ya meza na unataka kupiga hatua. Kama hujawahi kugusa kerezo, anza na tendegu, kisha bakuli lililo wazi, ndipo urudi hapa. Mafunzo ya useremala yanayotolewa na VETA ni mlango mzuri kwa anayeanza.

Jambo moja lijulikane mapema: magudulia mengi yanayoharibika hayaharibiwi na patasi. Yanaharibiwa na maji.

Kwa nini linapasuka

Mti uliokatwa jana umelowa ndani kwa namna mbili. Yako maji yaliyojaa kwenye mirija, nayo hutoka bila kuleta madhara. Na yako maji yaliyoshikamana na nyuzi zenyewe. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, hayo ya pili ndiyo yanaanza kutoka, na mti unaanza kusinyaa.

Tatizo ni kwamba hausinyai sawasawa. Kwa kufuata mzunguko wa pete, mti hupungua karibu mara mbili ya unavyopungua kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome, na kwa urefu haupungui ila kidogo sana. Mduara uliokerezwa mti ukiwa mbichi hugeuka umbo la yai ukikauka. Ukuta mwembamba hukubali kupinda. Ukuta mnene, hasa wenye kiini ndani yake, haukubali, na mahali pasipokubali kupinda hutokea ufa.

Pwani ya Tanga inaongeza mtihani wake. Hewa ya bahari ni nyevu, na mti uliokaushwa kivulini hapa hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 15. Upeleke huo huo Dodoma wakati wa kiangazi, au kwenye ofisi yenye kiyoyozi siku nzima, na unyevu unaweza kushuka hadi asilimia 10 au chini yake. Nyumba za Ulaya zinazopashwa joto wakati wa baridi hukausha zaidi ya hapo. Ndiyo maana mgeni ananunua pambo zima kabisa Pangani, analifunga vizuri kwenye nguo zake, halafu linapasuka likiwa limekaa kimya juu ya rafu yake. Fundi aliyelikereza hajui kamwe kilichotokea, na kosa linarudiwa kwa mteja anayefuata.

Dawa yake ni kukereza mara mbili. Mara ya kwanza mti ni mbichi, na ukuta unaachwa mnene. Chombo kinawekwa kikauke na kupinda kinavyotaka. Kisha kinarudishwa kwenye mashine, mviringo unasawazishwa upya, na ukuta unafikishwa kwenye unene wake wa mwisho. Kati ya mara hizo mbili kuna miezi.

Ipo njia nyingine. David Ellsworth wa Marekani, aliyejijengea jina kuanzia miaka ya 1970 kwa vyombo vyenye midomo midogo na kuta nyembamba mno, alikereza mti mbichi mara moja tu hadi ukuta ukawa wa milimita chache, akauacha upinde kama ulivyopenda. Kazi zake ni nzuri kweli. Lakini ukuta wa aina hiyo hautaki kosa hata moja, na chombo cha kwanza kina makosa zaidi ya moja. Njia ya mara mbili inasamehe.

Mti wa kuanzia

Si lazima uanzie dukani. Wilaya ya Muheza peke yake ina mashamba ya michungwa, mifenesi na miembe, na mti uliozeeka usiozaa tena mara nyingi huishia kuwa kuni au mkaa. Gogo la kukereza gudulia moja lina urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole. Kabla halijaingia motoni, mwenye shamba anaweza kukuuzia kwa bei ya kuni.

Mwembe ndio mwalimu mpole kuliko wote. Ni laini, haukasiriki upesi, na ndani hutoka michirizi ya rangi ya waridi na kahawia usiyoitarajia. Ukiwa mbichi, mashine ikishika kasi, maji hurushwa nje ya gogo kama manyunyu na kuloanisha shati kifuani. Maranda hutoka marefu, ya baridi, yanajikunja juu ya mkono. Udhaifu wake ni kwamba hauvumilii kusubiri. Gogo lililolazwa chini wakati wa masika huingia madoa ya kijivu na bluu kabla hujajiandaa. Wapo wanaoyapenda madoa hayo, na si kosa kuyapenda, ila madoa yakishalegeza nyuzi ujue ni uozo na si urembo.

Mfenesi ni hatua ya juu zaidi. Ukikatwa una njano kali kama binzari, na kadiri miezi inavyopita rangi hiyo huiva ikawa ya asali, kisha ya kahawia. Ni mgumu kiasi, unang'aa vizuri, na mchwa hawaupendi. Utomvu wake hunata kwenye patasi, kwa hiyo weka karibu kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia na ufute chuma mara kwa mara.

Mchungwa ni mweupe wenye umanjano, umeshikamana, unakatika safi. Ni mwepesi wa kupasuka ukikaa, kwa hiyo uchukue kwa vipande vidogo na uukereze wiki ile ile.

Kuna msaji, ambao wengi huuita tiki. Shamba la miti la Longuza, wilayani Muheza, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ni mojawapo ya mashamba makubwa ya msaji nchini. Magogo yake huuzwa kwa mnada kwa wafanyabiashara wakubwa, lakini fundi mdogo anaweza kupata vipande vya mabaki kwenye viwanda vya kupasua mbao. Msaji husinyaa kidogo kuliko miti mingi, na hilo ni neema kwa chombo. Hata hivyo una chembe za mchanga wa asili ndani yake zinazopunguza makali, na mafuta yake huzuia gundi. Futa sehemu ya kugundisha kwa thina kwanza.

> KISANDUKU: MITI YA KUIKWEPA MWANZONI
>
> Mpingo. Huzama majini kwa uzito, hupasuka kwa urahisi ukikauka, na vumbi lake huwasha ngozi na mapafu. Jamii yake yote, *Dalbergia*, imewekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, kwa hiyo ukitaka kuuza nje ya nchi uliza masharti kwanza. Kipande kidogo cha mpingo kitafaa kwa urembo wa mdomo au kuziba kitako.
>
> Mnazi. Hauna pete. Nje ni mgumu kama chuma na katikati ni laini kama sifongo. Patasi inaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine.
>
> Mkorosho. Utomvu wake huunguza ngozi. Anayejua kuwa ngozi yake huwashwa hata na utomvu wa embe akae mbali nao kabisa.
>
> Mti wowote usiojulikana ulikotoka. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na misitu mingine ya Usambara si ghala la magogo. Hata kwa mti wa shambani, uliza serikali ya kijiji na ofisi ya TFS ya wilaya kuhusu kibali cha kukata na hati ya kusafirishia kabla hujapakia gogo kwenye gari.

Mashine na mwendo wake

Kerezo la matendegu lina kitanda kirefu na mhimili unaozunguka kasi, kwa sababu tendegu ni jembamba. Gogo la gudulia ni nene na zito. Gogo la mwembe mbichi lenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa sentimita 22 lina uzito wa kilo 6 hivi, na likizungushwa kwa mwendo wa tendegu litaitikisa mashine hadi boliti zilegee, au litachomoka.

Kipimo chepesi cha kukumbuka ni hiki. Zidisha kipenyo cha gogo kwa sentimita na mizunguko ya mhimili kwa dakika. Gogo likiwa bado na mabonde na gome, jibu lisizidi 10,000. Likishakuwa mviringo kamili, lisizidi 20,000. Kwa gogo la sentimita 20, hiyo ni mizunguko 500 mwanzoni na 1,000 baadaye.

Mashine nyingi hutumia mota ya umeme yenye mizunguko karibu 1,440 kwa dakika, na mwendo hubadilishwa kwa kuhamisha mkanda kwenye puli. Puli ya mota yenye kipenyo cha sentimita 5 ikivuta puli ya sentimita 15, mhimili utazunguka mara 480. Ya sentimita 8 ikivuta ya sentimita 12, utazunguka mara 960. Jozi hizo mbili zinatosha kwa kazi yote hii. Kama mashine yako ina puli moja tu ya mwendo wa tendegu, tengeneza nyingine kabla ya kutafuta gogo.

Gogo litashikwa kwa sahani ya chuma, ile yenye matundu ya skrubu inayofungwa kwenye mhimili. Skrubu zinaingia upande wa kitako, mahali ambapo nyuzi zimekatwa vichwa na hazishiki vizuri, kwa hiyo tumia skrubu nene zisizopungua sita, kila moja iingie angalau sentimita 3 ndani ya mti. Urefu huo wa mti si sehemu ya chombo. Utakatwa na kutupwa mwishoni.

Zana

Kwa nje utahitaji bobari pana, patasi nyembamba ya kukatia, na noleo zuri. Kwa ndani utahitaji chombo ambacho karakana nyingi hazina, nacho hutengenezwa.

Chukua pao la chuma la mviringo lenye unene wa milimita 16 hadi 20, urefu wa nusu mita. Nondo inafaa, mradi mabonge yake yasagwe hadi sehemu inayolala kwenye egemeo iwe laini kabisa. Toboa tundu kwenye ncha, uchomeke kipande kidogo cha chuma kigumu cha kukatia, kile ambacho mafundi wa mashine za vyuma hutumia, ukibane kwa skrubu. Kipande kitokeze milimita 10 tu. Tengeneza mapao mawili: moja limenyooka, jingine limepindwa kidogo mwishoni ili lifike kwenye mabega ya gudulia. Mpini uwe mrefu, usipungue sentimita 50, kwa sababu kadiri chuma kinavyoingia ndani ndivyo nguvu ya kukidhibiti inavyotakiwa kutoka nyuma.

Onyo. Usitengeneze zana ya kuchimbia kwa tupa kuukuu. Chuma cha tupa kimefanywa kigumu sana, hakipindi, kikikwama huvunjika vipande kama kioo. Tupa inafaa kukwaruza juu juu nje ya mti, haifai kuning'inia sentimita 15 ndani ya chombo kinachozunguka.

Kwa kupima unene wa ukuta, waya wa hanga ya nguo unatosha. Upinde kama herufi G, ncha zake mbili zitazamane zikiwa mbali sentimita 3 kamili. Ingiza ncha moja mdomoni hadi iguse ukuta ndani. Nafasi inayobaki kati ya ncha ya nje na mti, ukiitoa kwenye sentimita 3, ndiyo unene. Ikibaki sentimita 1, ukuta ni sentimita 2.

> KABLA YA KUWASHA MOTA
>
> ☐ Ngao ya uso imevaliwa, si miwani tu
> ☐ Barakoa ipo kwa wakati wa kupiga msasa
> ☐ Mikono ya shati imekunjwa juu ya viwiko. Hakuna glavu, saa wala bangili
> ☐ Mtandio, ncha za hijabu au nywele ndefu zimechomekwa ndani ya vazi
> ☐ Gogo limezungushwa kwa mkono mara moja kamili na haligusi egemeo
> ☐ Mkanda uko kwenye mwendo wa chini
> ☐ Umesimama pembeni, nje ya njia ambayo gogo lingerukia

Mara ya kwanza: mti mbichi

1. *Weka alama.* Simamisha gogo na utafute kiini, kile kitone cheusi katikati ya pete. Kwa gudulia la kwanza, kiini kipite katikati kabisa, kutoka mdomoni hadi kitakoni. Kikikaa pembeni, chombo kitapinda upande mmoja.

2. *Funga sahani kwenye kitako, kisha sogeza kichwa cha nyuma* kishike upande wa mdomo. Kichwa hicho kisiondolewe hadi umbo lote la nje likamilike.

3. *Kereza nje.* Anza kwa mwendo wa chini, ukitoa gome na mabonde. Wakati mtikisiko umekwisha ndipo uongeze mwendo. Daima kata ukitoka penye unene kwenda penye wembamba: kutoka tumboni kwenda shingoni, na kutoka tumboni kwenda kitakoni. Ukikata kinyume, patasi itanyanyua nyuzi na kuacha manyoya yasiyotoka kwa msasa.

4. *Tafuta umbo.* Hapa fundi wa pwani ana shule yake tayari. Mtungi wa udongo, buyu, dafu lililochongwa, boga: vyote vina mstari usiokatika kutoka juu hadi chini. Tumbo la gudulia likae juu ya nusu ya kimo, na kitako kiwe karibu theluthi moja ya upana wa tumbo. Kitako kipana hufanya chombo kionekane kimekaa chini kwa uchovu. Mdomo wa gudulia la kwanza uwe na upana wa sentimita 5. Ule wa sentimita 3 ungoje gudulia la nne au la tano.

5. *Toboa kina.* Ondoa kichwa cha nyuma. Kwa keekee au biti pana, toboa katikati kutoka mdomoni. Funga utepe kwenye biti kuonyesha mwisho. Chini ya mwisho huo acha sentimita 2 za kitako cha chombo, mbali na zile zinazoshika skrubu. Tundu hilo linaondoa kiini na kukuonyesha mahali pa kukomea.

6. *Chimba.* Weka egemeo karibu na mdomo, kwa kimo kitakachofanya ncha ya chuma iwe juu kidogo ya mstari wa katikati ya mhimili. Sababu yake ni hii: mti ukisukuma ncha chini, ncha itashukia penye nafasi na kuachia. Ikiwa chini ya katikati, itazama zaidi kwenye mti, na hapo ndipo patasi hung'ata. Anza kwenye tundu, panua ukielekea ukutani, kwa tabaka nyembamba.

7. *Toa maranda.* Yanajaa upesi na kumsakama mchimbaji. Kila baada ya nusu dakika zima mota, subiri mhimili usimame kabisa, toa maranda kwa kijiti au kwa pampu ya baiskeli. Kidole hakiingii ndani ya gudulia linalozunguka kwa sababu yoyote ile.

8. *Simama kwenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo.* Tumbo la sentimita 20 linabaki na ukuta wa sentimita 2, kila mahali, na kitako vilevile. Ukuta mnene huku na mwembamba kule ndio unaopasuka.

Sauti itakusaidia kuliko waya. Ukuta mnene hutoa mlio mzito, wa chini. Kadiri unavyopungua, mlio hupanda juu. Mlio ukibadilika ghafla bila wewe kubadilisha chochote, zima mashine. Ama skrubu imelegea, ama ufa umeanza.

> UMEME UKIKATIKA
>
> Ndilo tukio ambalo kila karakana hukutana nalo. Mhimili unapopunguza mwendo wenyewe, chuma kikiwa ndani, hung'ata. Mara unaposikia mota inalegea: vuta zana ukiirudisha katikati ya chombo, itoe nje, kisha zima swichi ya mashine. Usiiache swichi imewashwa ukienda kunywa chai. Umeme utarudi bila kubisha hodi, na mashine itaanza kuzunguka na yeyote aliye karibu nayo.

Kukausha

Toa gudulia pamoja na sahani, kisha fungua skrubu. Lipime kwenye mizani ya duka na uandike kwa penseli kwenye mti wenyewe: tarehe, aina ya mti, uzito. Paka nta iliyoyeyushwa, au gundi ya mbao, kwenye mdomo na kitako, mahali ambapo nyuzi zimekatwa vichwa na maji hukimbia haraka mno. Lifunge kwa magazeti ya zamani na kuliweka chumbani, juu ya kabati au uvunguni, mbali na bati la paa na mbali na upepo wa dirisha. Gazeti likilowa, libadilishe. Mfuko wa plastiki hauruhusu unyevu kutoka. Ndani yake chombo kitaota ukungu na kuoza.

Lipime tena kila wiki. Uzito usipobadilika zaidi ya gramu 5 kwa wiki tatu mfululizo, limekauka kwa kiwango cha Tanga. Kwa mwembe hesabu miezi mitatu hadi sita, na miti migumu huweza kudai zaidi.

Kalenda ya pwani inatoa mpango mzuri. Kereza mara ya kwanza masika yanapomalizika, mwezi Juni, gudulia likauke taratibu kwenye ubaridi wa kusi. Kereza mara ya pili kwenye joto la kaskazi, Januari na Februari, kabla mvua hazijarudi. Chombo kitakachomalizika katika miezi hiyo kitakuwa kikavu kuliko kilichomalizika wakati mwingine wowote, na kitapata mshtuko mdogo kikienda bara. Fundi mwenye haraka ya fedha atakereza magudulia kumi ya kwanza kwa pamoja, ili mwaka unaofuata awe daima na yaliyo tayari.

Mara ya pili: mti mkavu

Gudulia limepinda sasa, na kitako hakikai sawa. Kisawazishe kwa randa, funga sahani upya, na uanze kwa mwendo wa chini kama vile gogo ni jipya. Sawazisha nje kwanza, hadi mviringo urudi.

Ndani, kanuni inabadilika na haina huruma. Maliza sentimita 5 za juu kabisa, kuanzia mdomoni, hadi unene wa mwisho wa milimita 8. Ukiridhika, shuka sentimita 5 nyingine. *Ukishashuka usipande tena.* Unene ulio chini ndio ulioshikilia ukuta usitetemeke. Ukishauondoa, sehemu ya juu inacheza kama ngoma, na mguso mmoja wa chuma unaipasua.

Piga msasa nje kwa kufuata namba: 80, 120, 180, 240, 320. Usiruke namba. Michirizi iliyoachwa na 80 haiondolewi na 320, inang'arishwa tu, na itaonekana siku utakapopaka mafuta. Ndani, funga msasa kwenye kijiti chenye sifongo na uishie pale mwanga unapofika.

Ukitaka urembo, chora mifereji miwili myembamba begani kwa ncha ya patasi, kisha ukandamize waya ndani ya mfereji chombo kikizunguka. Moshi utapanda, na mfereji utabaki mweusi, safi, kama uliochorwa kwa wino. Waya uwe na vipini vya mti kwenye ncha zote mbili. Usiuzungushe vidoleni.

Mwisho, kata kitako kwa patasi ya kukatia hadi kibaki kipenyo cha sentimita 3, zima mashine, na umalizie kwa msumeno wa mkono. Kiini kilichobaki katikati ya kitako kitoboe na kukiziba kwa kipande cha mpingo kilichokauka, nyuzi zake zikienda upande mmoja na za gudulia.

Kung'arisha

Mafuta ya nazi yako kila nyumba na ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Yaache jikoni. Hayakauki, huvuta vumbi, na baada ya muda huchacha. Tumia mafuta ya kitani, ambayo hukauka na kuwa ngozi nyembamba juu ya mti, pamoja na nta ya nyuki. Sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta, kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya jiko moja kwa moja. Paka kidogo, sugua sana, ngoja siku moja, rudia.

Kitambaa kilichotumika kwa mafuta ya kitani kinaweza kujiwasha moto chenyewe kikikunjwa na kutupwa pembeni. Kitandaze nje hadi kikauke, au kitumbukize majini. Karakana imejaa maranda, na moto hautahitaji kitu kingine.

Vanishi ya dukani nayo inafaa, na pwani ina historia nayo. Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu mgumu wa msandarusi uliochimbwa ardhini katika ukanda huu wa pwani, ilisafirishwa kupitia Zanzibar hadi Salem, Massachusetts, ikasafishwa huko na kuwa malighafi ya vanishi ya samani na magari ya farasi. Mng'ao wa samani nyingi za Marekani ya wakati huo ulitoka kwenye udongo wa mwambao huu.

Makosa yanayorudiwa

*Kitako kinene.* Fundi anaogopa kutoboa chini, anaacha sentimita 5. Kitako hicho hukauka polepole kuliko ukuta, na ufa huanzia pale viwili vinapokutana.

*Makali butu.* Chuma kikianza kutoa unga badala ya maranda, kinadai noleo. Ukisukuma zaidi ndipo kinang'ata.

*Kukausha juani.* Saa mbili za jua la Januari zinatosha kupasua gudulia bichi.

*Kuuza kabla ya wakati.* Mteja akilitaka gudulia lililofungwa kwenye magazeti, mwonyeshe namba ulizoandika kwa penseli na umwambie tarehe atakayolipata.

Gudulia la mti halihifadhi maji. Mweleze mnunuzi kuwa ni la maua makavu, au aingize chupa nyembamba ya kioo ndani yake ikiwa anataka mabichi, na asiliweke dirishani wala mbele ya kiyoyozi. Kisha geuza kitako juu, na kwa waya wa moto uandike jina la mti, mahali ulipoota, mwaka uliokatwa na mwaka uliomaliza kulikereza: Mfenesi, Muheza, na miaka yake miwili.